Johan Gadolin: Mwalimu aliyepima jiwe jeusi, jina lake likaishia hospitalini

UKIPELEKWA kupigwa picha ya MRI katika hospitali kubwa hapa Nairobi, huenda mhudumu akakudunga dawa isiyo na rangi mkononi. Dawa hiyo humsaidia daktari kuona uvimbe au mshipa wenye shida ambao ungejificha kwenye picha ya kawaida.

Ndani ya dawa hiyo mara nyingi huwa kuna elementi inayoitwa gadoliniamu. Jina hilo lilitoka kwa jiwe, na jiwe lenyewe lilipewa jina la mtu: Johan Gadolin, mwalimu wa kemia aliyefariki mwaka wa 1852.

Gadolin hakuwahi kuona mashine ya MRI. Hata gadoliniamu yenyewe hakuwahi kuijua, maana iligunduliwa yeye akiwa kaburini. Alichofanya ni kuchukua jiwe moja jeusi, akalipima kwa mizani, kisha akaandika alichokiona bila kutia chumvi. Basi. Lakini kazi hiyo moja ndiyo iliyofungua mlango wa madini adimu ambayo leo mataifa makubwa yanayapigania.

Mtoto wa askofu

Gadolin alizaliwa Juni 5, 1760 mjini Turku, mji wa bandari kusini magharibi mwa Ufini. Wakati huo Ufini haikuwa nchi huru, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Waswidi waliuita mji huo Åbo.

Nyumbani kwao vitabu havikukosekana. Baba yake, Jakob Gadolin, alikuwa profesa wa fizikia, akahamia teolojia na mwishowe akawa askofu wa Turku. Babu yake upande wa mama, Johan Browallius, pia alikuwa profesa na askofu wa mji huohuo.

Hata jina la ukoo lina hadithi yake. Shamba walikotoka wazee wao liliitwa Maunula, jina ambalo wasomi wa ukoo walilihusisha na neno la Kilatini lenye maana ya kubwa. Wakalitafsiri kwa kutumia neno la Kiebrania, gadol, lenye maana hiyohiyo. Ndivyo Gadolin lilivyozaliwa.

Akiwa na umri wa miaka 15, kijana huyu alijiunga na chuo kikuu cha Turku kusomea hisabati. Kusema kweli, hesabu zilimkalia ngumu. Akaona asijitese bure, akahama kozi na kwenda kusomea kemia chini ya Pehr Adrian Gadd, profesa wa kwanza wa kemia chuoni humo.

Kama wewe ni mmoja wa wale waliobadilisha kozi mwaka wa kwanza huku jamaa nyumbani wakinung'unika, usikate tamaa. Huyu naye alipitia hapo.

Mwaka wa 1779 alivuka bahari hadi Uppsala, Uswidi, kusoma kwa Torbern Bergman. Bergman alikuwa gwiji. Ulaya nzima ilimjua kwa ustadi wa kuchunguza jiwe na kusema lina nini ndani na kwa kiasi gani. Kwake, Gadolin alijifunza kazi ambayo ingekuja kumtoa: kusaga, kuyeyusha, kuchuja, kukausha na kupima. Mwaka wa 1781 aliandika tasnifu kuhusu uchunguzi wa chuma.

Cheo bila mshahara

Bergman alifariki mwaka wa 1784, kiti chake kikabaki wazi. Gadolin, wakati huo akiwa na miaka 24, alikuwa miongoni mwa waliotajwa kukirithi. Hakukipata. Alipewa mtu mwingine, Johann Afzelius.

Akarudi Turku. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha profesa wa ziada, ila cheo hicho hakikuja na mshahara. Vijana wanaofanya atachi miezi mitatu bila hata nauli wataelewa hali hiyo.

Badala ya kukaa akilia, alifunga safari. Kati ya 1786 na 1788 alizunguka Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Ireland. Alitembelea migodi na maabara, akafanya kazi na wanakemia wawili wa Ireland, Adair Crawford na Richard Kirwan. Alirudi akiwa ameona kwa macho yake jinsi sayansi ilivyokuwa ikibadilika.

Maana kipindi hicho kemia ilikuwa imepamba moto. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kitu kikiungua, hutoa dutu fulani iliyoitwa flojistoni. Kule Ufaransa, Antoine Lavoisier alikuwa ameipinga dhana hiyo, akionyesha kwamba kitu kinapoungua huungana na oksijeni ya hewani. Wengi wa wazee wa kemia hawakutaka kusikia. Gadolin alisikia, na baadaye akaifundisha kemia hiyo mpya.

Jiwe kutoka Ytterby

Turudi nyuma kidogo, mwaka wa 1787. Karibu na Stockholm, kwenye kisiwa cha Resarö, kulikuwa na machimbo katika kijiji kiitwacho Ytterby. Watu walichimba kwatzi na feldispa, mawe meupe meupe ya kutengenezea vyombo vya kauri. Siku moja, afisa wa jeshi aliyependa mawe, Carl Axel Arrhenius, aliokota pale jiwe ambalo halikufanana na mengine.

Lilikuwa jeusi tititi kama makaa, lakini zito. Arrhenius alishuku kwamba lina tungsteni, metali iliyokuwa imegunduliwa miaka michache tu kabla. Jiwe likapita mikononi mwa watu, na mnamo 1792 kipande chake kikamfikia Gadolin kule Turku.

Hebu tulitazame jiwe lenyewe, kwa sababu si jiwe la mchezo.

Ukilishika utaona mng'ao wake ni kama wa glasi. Likivunjika, sehemu iliyovunjika hujipinda kama kipande cha chupa. Kingo zake nyembamba zikiwekwa mbele ya mwanga, weusi hugeuka kijani. Ni gumu kiasi cha kukwaruza dirisha la kioo: kwenye kipimo cha Mohs, ambapo almasi ni 10, lenyewe lipo kati ya 6.5 na 7. Na uzito wake ni zaidi ya mara nne ya maji ya ujazo uleule.

Leo tunajua ni silikati, yaani jamii ya mawe yaliyojengwa kwa silikoni na oksijeni. Lakini kati ya silikati za kawaida, kama mchanga na udongo wa mfinyanzi, na hili, kuna tofauti kubwa. Ndani yake mna itriamu, chuma, beriliamu na kikundi kizima cha elementi adimu zilizojibanza pamoja.

Lina tabia nyingine ya ajabu. Mara nyingi hubeba chembe za thoriamu au uraniamu, elementi zinazotoa mionzi. Kwa mamilioni ya miaka mionzi hiyo huvuruga mpangilio wa fuwele kutoka ndani, hadi jiwe likabaki kama glasi isiyo na mpangilio. Ukilichoma moto vizuri, huweza kung'aa ghafla lenyewe, kama mtu aliyegutuka usingizini, huku mpangilio wa ndani ukijirudia.

Mengi ya haya Gadolin hakuyajua. Mionzi ya aina hiyo ilikuja kujulikana zaidi ya miaka 100 baadaye. Yeye alikuwa na moto, asidi, karatasi ya kuchujia na mizani.

Asilimia 38

Kama ulifanya praktiko ya kemia kidato cha nne, unajua jinsi tone moja linavyoweza kuharibu kila kitu. Sasa fikiria kufanya hivyo kwa jiwe ambalo hakuna aliyejua lina nini. Hakuna mwalimu mwenye majibu mfukoni.

Kazi ya aina hii ilifanyika hatua kwa hatua. Jiwe lilisagwa likawa unga na kupikwa kwenye asidi. Silika ikabaki pembeni kama uji ulioganda, ikachujwa. Kilichoyeyuka kilitenganishwa kwa kuongeza kemikali moja baada ya nyingine, na kila kilichotengana kilikaushwa, kikachomwa na kupimwa. Ukikosea hatua moja, hesabu ya mwisho haikubali.

Gadolin alichapisha matokeo yake mwaka wa 1794 kwenye jarida la Chuo cha Sayansi cha Uswidi. Aliandika kwamba katika kila sehemu 100 za jiwe, sehemu 31 zilikuwa silika, 19 alumina na 12 chuma kilichoungana na oksijeni.

Zilibaki sehemu 38. Na hizo hakuzijua.

Wakati huo wanakemia waliita udongo kila unga mweupe usioyeyuka kwa moto na usiogeuka kuwa metali mbele ya macho yao. Chokaa ilikuwa udongo, alumina vilevile. Ule wa Gadolin ulifanana na alumina kwa tabia fulani na chokaa kwa nyingine, lakini haukuwa alumina wala chokaa.

Mtu mwenye njaa ya sifa angeupa jina siku hiyohiyo. Kumbuka jamaa bado hakuwa profesa kamili, na alishanyimwa kiti cha Uppsala. Alihitaji ugunduzi wa kumpandisha. Lakini alisita. Alieleza alivyofanya, akaorodhesha tabia za unga ule, akasema unaonekana kuwa mpya ila hakutaka kupiga kelele kuhusu jiwe moja lililopimwa na mtu mmoja. Aliacha nafasi kwa wengine wamhakikishe.

Mwaka huohuo wa 1794, kule Paris, Lavoisier alikatwa kichwa katika vurugu za mapinduzi ya Ufaransa. Katika miaka hiyo Gadolin alimwoa Hedvig Magdalena Tihleman. Walijaliwa watoto tisa.

Alikosea, na bado akawa sahihi

Mwaka wa 1797, Mswidi Anders Gustaf Ekeberg alirudia uchunguzi wa jiwe lile. Akapata udongo uleule mpya na kuupa jina kutokana na kijiji cha Ytterby. Ndio tunaouita itria. Martin Heinrich Klaproth wa Ujerumani naye akathibitisha. Karibu mwaka wa 1800, jiwe lenyewe likaanza kuitwa gadolinaiti.

Lakini kulikuwa na kasoro. Mwaka wa 1798 Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin aligundua udongo mwingine mpya ndani ya zumaridi, ambao leo tunajua ni oksidi ya beriliamu. Unafanana sana na alumina. Ekeberg alipolichunguza tena jiwe la Ytterby, mwaka wa 1802, aligundua kwamba zile sehemu 19 Gadolin alizoziita alumina kwa hakika zilikuwa beriliamu.

Kwa maneno mengine, jiwe lilikuwa na vitu viwili vipya. Gadolin alikiona kimoja, cha pili kikampita mkononi akidhani anakijua.

Hapa ndipo uaminifu wake ulipolipa. Kwa sababu alikuwa ameandika kila kipimo na kila hatua, waliokuja nyuma yake waliweza kuona kosa lilipoingia na kulirekebisha bila kuitupa kazi yote. Sehemu 38 zilisimama, 19 zikabadilishwa jina.

Mlango wa maabara ukiwa wazi

Mwaka huo wa 1797 ndipo Gadolin alipopata uprofesa kamili, baada ya Gadd kufariki. Alikuwa amesubiri miaka 12 tangu kupewa kile cheo kisicho na mshahara.

Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha utangulizi wa kemia kwa lugha ya Kiswidi, kilichofuata mafundisho mapya ya oksijeni. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Mwanafunzi hakulazimika tena kusubiri kitabu cha Paris.

Jambo jingine, alikuwa miongoni mwa wanakemia wa kwanza kuwaacha wanafunzi wafanye majaribio kwa mikono yao. Katika vyuo vingi profesa alifanya jaribio mbele, wanafunzi wakatazama kama wapo sinema. Gadolin aliwafungulia hata maabara yake binafsi. Aliamini kemia haiingii kwa kutazama.

Wakati akifundisha, siasa ziligeuka. Vita kati ya Uswidi na Urusi viliisha mwaka wa 1809 na Ufini ikawa chini ya mfalme wa Urusi. Gadolin akawa raia wa himaya nyingine bila kuhama nyumba. Mke wake alifariki, na mwaka wa 1819, akiwa na miaka 59, alioa tena, safari hii Ebba Palander. Alistaafu mwaka wa 1822.

Moto wa Turku

Mzee alipanga kuendelea na mawe yake. Kwa miaka mingi alikuwa amekusanya vipande vya madini, kila kimoja na historia yake. Ilikuwa maktaba yake ya pili.

Usiku wa Septemba 4, 1827, moto ulizuka Turku. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Moto uliruka kutoka paa hadi paa, na ulipozimika karibu robo tatu ya mji ilikuwa majivu. Chuo kikuu kiliungua. Mkusanyiko wa madini wa Gadolin na vifaa vya maabara vikaenda na moto.

Alikuwa na miaka 67. Mwaka uliofuata chuo kikahamishiwa Helsinki, mji mkuu mpya. Turku ikabaki bila chuo, na Gadolin bila maabara. Utafiti wake uliishia pale.

Aliishi miaka mingine 25. Alifariki Agosti 15, 1852 huko Mynämäki, si mbali na Turku, akiwa na miaka 92.

Kilichotoka ndani ya jiwe

Lakini ripoti ya 1794 haikuwa Turku peke yake. Ilikuwa imechapishwa na kusambaa, na moto haukuweza kuifikia.

Mwaka wa 1843, Gadolin akiwa bado hai, Carl Gustaf Mosander wa Stockholm alionyesha kwamba ule udongo wa itria haukuwa kitu kimoja. Aliutenganisha ukawa tatu, na ndipo majina erbiamu na terbiamu yakaingia. Baadaye ikatoka itebiamu. Elementi nne, zote zikiitwa kwa jina la kijiji kimoja kidogo chenye machimbo. Skandiamu, holmiamu na thuliamu nazo zilifuata kwenye njia hiyohiyo.

Mwaka wa 1880, Jean Charles Galissard de Marignac wa Geneva aliona dalili za elementi nyingine. Miaka sita baadaye, Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aliipa jina gadoliniamu, kutokana na jiwe la gadolinaiti.

Elementi hizi huitwa adimu, ingawa jina hilo linadanganya kidogo. Itriamu, kwa mfano, ni nyingi kuliko risasi kwenye tabaka la juu la dunia. Shida ni kwamba zimetawanyika na hufanana mno, kiasi kwamba kuzitenganisha ni kazi ya kutoa jasho. Ndiyo sababu watu walihitaji zaidi ya miaka 100 kumaliza alichoanzisha Gadolin.

Na zipo karibu nawe kuliko unavyodhani. Itriamu hutumika kwenye taa nyingi nyeupe za LED, pamoja na tochi ya simu yako. Erbiamu hupiga jeki mwanga unaobeba intaneti kwenye nyaya za chini ya bahari, kama zile zinazotua Mombasa. Ukitazama video bila kukwama, kijiji cha Ytterby kina mchango wake.

Gadoliniamu nayo ina nguvu kubwa ya sumaku, na ndiyo maana MRI inaipenda. Ikiwa peke yake ni sumu, kwa hivyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine ili itoke mwilini kupitia figo. Ndiyo sababu kabla ya kudungwa utaulizwa kama una tatizo la figo. Jibu ukweli.

Hata hapa kwetu, kwenye kilima cha Mrima kaunti ya Kwale, ambako kuna msitu wa kaya unaoheshimiwa na Wadigo, wanajiolojia wamejua kwa miongo mingi kwamba kuna niobiamu na madini adimu. Si gadolinaiti, ni mawe ya aina nyingine, lakini familia ni ileile. Kila mara habari za Mrima zikiibuka, mjadala huwa ni nani atachimba, atalipwa nani na msitu utabaki na nini.

Kuna swali jingine ambalo halisikiki sana: nani atapima? Jiwe la Ytterby lilipimwa na mwalimu wa mji mdogo pembezoni mwa ufalme, ambaye hakuwa na uprofesa kamili wala maabara ya kifahari. Alijua kazi yake, na aliwaonyesha wanafunzi wake jinsi ya kuifanya. Mwenye uwezo wa kupima jiwe lake mwenyewe ni vigumu kudanganywa kuhusu thamani yake.